Unatubu kitu kilekile kila wiki? Namna ya kujichunguza mpaka ufike kwenye mzizi

Wapendwa, kuna watu wameokoka miaka mingi, wanaomba, wanafunga, wanatumika kanisani, na bado kuna dhambi moja wanaitubia kila wiki kwa maneno yaleyale mpaka ikifika kuitaja wanaona aibu, wanairuka wanasema tu "Bwana unajua". Hasira. Uongo mdogomdogo. Picha chafu kwenye simu. Umbea uliovalishwa nguo ya "tumwombee fulani". Unatubu, unalia, siku kadhaa uko sawa, afu ghafla umo tena na hujui hata umeingiaje. Ukiona hivyo ujue unachokitubia ni kile kilichotokeza juu, kinachokizalisha bado kimetulia zake huko chini. Hapa naeleza namna ya kukitafuta, taratibu, Biblia ikiwa wazi.

Wala sio mambo mapya haya. Maombolezo 3:40 inasema "Na tuchunguze njia zetu na kuzijaribu", Paulo naye aliwaambia Wakorintho kila mtu ajihoji kabla ya kula mkate na kunywa kikombe (1 Wakorintho 11:28). Wenzetu Wakatoliki wana kuchunguza dhamiri kabla ya kwenda kuungama, na wana vile vichwa saba vya dhambi, yaani dhambi kuu zinazozaa nyingine. Cha kunifurahisha ni kwamba Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alipopanga orodha yake ya saba alikitoa kiburi nje ya orodha kabisa akasema hicho ndio mzizi wa zote. Yaani hata watu wa zamani walishaona kwamba dhambi zina ukoo, hazitokei tu kila moja na lwake.

Unatafuta nini hasa

Shida ya dhambi yenye mizizi ni kwamba mara nyingi haina sura ya dhambi, ina sura ya wewe. Utamsikia mtu anasema "mi ndivyo nilivyo, sipendi ujinga", mwingine "mi sio mtu wa kusahau", mwingine "mi napenda vitu vyangu viende sawa", na wote wanasema kwa fahari kabisa. Kitu kikikaa na wewe muda mrefu unakipa jina zuri, hasira inaitwa msimamo, uchoyo unaitwa kuwa makini na hela, kinyongo kinaitwa kujua watu.

Tendo la dhambi lina siku na saa, unaweza kusema jana saa fulani nilidanganya. Mzizi hauna saa. Mzizi ni kile kitu moyo wako unakitaka sana, au unakiogopa sana, kiasi kwamba uko tayari kumkosea Mungu ili ukipate au ukikwepe. Ndio maana Yakobo 1:14-15 haianzii kwenye tendo, inaanzia kwenye tamaa, tamaa ikishachukua mimba ndio inazaa dhambi. Na Yesu kwenye Marko 7:21-22 anataja mlolongo mzima, uasherati, wivi, uuaji, uzinzi, kijicho, kiburi, ila anasema vyote vinatoka sehemu moja, ndani, moyoni.

Kwa maoni yangu mtu anayeonyesha hili vizuri kuliko wote kwenye Biblia ni mfalme Sauli. Soma 1 Samweli sura ya 13 mpaka ya 18 kwa mkao mmoja, usisome kipande kipande kama tulivyozoea. Sura ya 13 yuko Gilgali, amemsubiri nabii Samweli siku saba, anaona watu wanaanza kutawanyika, basi anatoa sadaka ya kuteketezwa mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake. Sura ya 15 anaambiwa awaangamize Waamaleki na mifugo yao yote, anamwacha hai mfalme Agagi na anabakiza kondoo na ng'ombe wazuri wazuri, kisha anampokea Samweli kwa uso mkunjufu eti nimeitimiza amri ya Bwana, Samweli anamuuliza sasa hiki kilio cha kondoo ninachokisikia ni cha nini. Kwenye mstari wa 12 hapo kuna kitu watu wengi wanakipita, kabla hata hajakutana na Samweli alikuwa ameshapita Karmeli kujisimamishia nguzo ya ukumbusho wake mwenyewe. Mstari wa 24 anakiri kwamba aliwaogopa watu akawasikiliza. Mstari wa 30 anasema nimefanya dhambi, lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu. Afu sura ya 18 wanawake wanaimba Sauli ameua elfu zake na Daudi makumi elfu yake, kuanzia siku hiyo anamwonea Daudi wivu, na haijapita muda anamrushia mkuki.

Sasa ukimpa Sauli karatasi aandike dhambi zake ataandika za aina tano, kuingilia kazi ya nabii, kutotii, uongo, wivu, kutaka kuua. Atatubu kila moja na toba yake. Lakini uzi ni mmoja tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, watu wananionaje. Watu wakitawanyika anaingiwa na hofu, watu wakitaka kondoo anawaachia, na watu wakimsifu mwingine anataka damu. Hata akiwa anatubu bado anaomba asiaibike mbele ya wazee. Hicho ndicho tunachokitafuta kwenye maisha yetu, ule uzi.

Kaa chini, ila sio wakati wowote

Usijichunguze ukiwa umechoka hoi, una njaa, au dakika tano baada ya kuanguka. Muda huo utakachokipata ni kujichukia tu. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19), Mungu hakuanza na maswali, alimwacha alale, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akala tena, na swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye sana huko Horebu. Kwa hiyo chagua asubuhi umelala vizuri, au siku huna haraka ya kwenda popote. Simu iweke chumba kingine, usiseme utaizima sauti, utaishika tu. Saa moja inatosha kwa kuanzia.

Anza na Zaburi 139:23-24 na uisome kwa sauti kama maombi yako: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu, unijaribu, uyajue mawazo yangu, uone kama iko njia iletayo majuto ndani yangu, ukaniongoze katika njia ya milele." Angalia Daudi anaomba nini hapo. Anamwomba Mungu ndiye achunguze. Sababu iko Yeremia 17:9, moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, kwa hiyo ukimtuma moyo wako ukauchunguze moyo wako umemtuma mwizi akapeleleze wizi, atarudi na ripoti safi kabisa. Watu wengi wanaruka hapa wanaona ni kamaombi ka kufungulia tu, halafu wanashangaa mbona baada ya saa nzima wamepata vidhambi viwili vitatu ambavyo wala haviwaumi.

Andika matukio, majina ya dhambi yaache kwanza

Chukua daftari ambalo hamna mtu atalisoma. Kwa wiki mbili hivi kila jioni andika kitu chochote siku hiyo kilichokuacha hauna amani, hata kama huoni dhambi iko wapi. Usiandike "nilikuwa na hasira" wala "nilikosa upendo". Andika kilichotokea, nani alisema nini, na we ulifanya nini. Mfano, daftari la mtu linaweza kusomeka hivi:

"Jumatatu. Dada kapiga simu kaomba nimkopeshe hela, nimemwambia sina. Ninazo.
Jumatano. Nimemfokea mtoto mpaka akalia, kaacha taa inawaka usiku kucha.
Alhamisi. Nimeamka saa tisa usiku nikaanza kupiga hesabu za hela kwenye simu, sikulala tena. Sikuomba.
Jumapili. Nimetoa fungu la kumi. Mchana wote nimenuna na sijui kwa nini."

Kwa haraka huyu ataona ana uongo na hasira, atatubu hivyo viwili, Alhamisi atasema ni stresi za kawaida na Jumapili wala hatahesabu kitu kwa sababu si alitoa jamani. Lakini zisome zote nne pamoja. Kila tukio lina hela ndani yake na kila mara anahangaika kama mtu asiye na Baba mbinguni. Huyu tatizo lake kubwa sio kufoka. Ameweka usalama wake kwenye akiba, hela ikitikisika na yeye anatikisika, ndio mambo ya Mathayo 6:24 hayo, huwezi kumtumikia Mungu na mali. Akitubu kufoka peke yake atafoka tena bili ikija. Kwa hiyo baada ya hizo wiki mbili kaa na daftari, soma yote kwa mpigo, kalamu mkononi, na uzungushie vile vinavyojirudia.

Maswali ya kuchimbia

Ukishapata tukio moja linalojirudia, lishike hilohilo, usirukeruke. Jiulize nilikuwa nataka nini pale? Nilikuwa naogopa nini? Kama nisingefanya vile ningepoteza nini? Na swali ambalo mi naliona ndio lenye nguvu kuliko yote, nilikuwa najiambia nini kichwani dakika tano kabla?

Tuchukue yule ndugu wa picha chafu kwenye simu, maana hii wanateseka nayo wengi, wanaume na wanawake, na wakienda kuomba ushauri wanaambiwa futa programu, oga maji ya baridi, funga siku tatu. Sawa, simu idhibiti, Yesu mwenyewe kasema jicho likikukosesha ling'oe, silaumu hilo. Lakini muulize huwa inatokea lini? Atafikiria, atakwambia mara nyingi usiku. Usiku upi? Hapo ataanza kuona kwamba sio kila usiku, ni ule usiku aliotoka kwenye huduma, au siku amefanya kazi sana, amehangaikia watu kutwa nzima. Dakika tano kabla ulikuwa unajiambia nini? Akiwa mkweli atasema, "nilikuwa nawaza nimejitoa siku nzima na hamna hata mmoja aliyesema asante."

Simama hapo. Hiyo sio tamaa ya mwili peke yake tena. Huyo anajihurumia na anamdai Mungu, anajiona kafanya kazi hajalipwa, basi anajilipa mwenyewe gizani. Ni maneno ya yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu kwenye Luka 15:29, nimekutumikia miaka mingapi hii, na hujanipa mimi hata mwana-mbuzi. Kaka mkubwa hakwenda nchi ya mbali, hakula mali na makahaba, alikuwa shambani anafanya kazi, na bado alikuwa mbali na moyo wa baba yake. Ndugu yetu akiliona hili toba yake inabadilika kabisa, ataenda kutubu manung'uniko na madai yake kwa Mungu, kitu ambacho pengine tangu aokoke hajawahi kukitaja. Na vita vya simu vitakuwa bado vipo, sikudanganyi, ila sasa anajua adui anaingilia mlango gani na ni usiku upi akae macho.

Uliza "kwa nini" mpaka ufike mahali ambapo jibu linamhusu Mungu, simamini atanitunza, simpendi kuliko hiki, nadhani ananinyima, siwezi kumwachia anilipie kisasi. Ukifika hapo umefika chini. Ukiishia kwenye "kwa sababu mume wangu ananikera" bado uko juu juu, endelea.

Sehemu za kuangalia ukiona daftari halisemi kitu

Angalia pale unapojitetea. Mtu akikugusia jambo fulani unajikuta unapandisha sauti, unaleta historia, unatoa na maandiko, hapo pana kitu kinalindwa. Mambo ambayo hayana mzizi kwetu tukiambiwa tunasema tu ah kweli samahani, yanaisha.

Angalia kinachokuchukiza sana kwa wengine. Hii imetoka kwa Daudi na nabii Nathani, 2 Samweli 12. Daudi ameshamchukua Bathsheba, ameshaandika ile barua ya kumuua Uria na akampa Uria huyohuyo aibebe, mtoto ameshazaliwa, maisha yanaendelea, anakaa kitini anaamua kesi za watu. Nathani anamsimulia tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja na Daudi anawaka kwelikweli, mtu huyo anastahili kufa, tena arudishe mara nne, na hiyo mara nne ndiyo torati ya Kutoka 22:1 inayosema kuhusu mwizi wa kondoo. Dhamiri yake ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, ila kwa mtu mwingine. Kwa hiyo andika watu watatu wanaokuudhi kuliko wote na kitu gani hasa kinakuudhi kwao, kisha uombe na hiyo orodha. Sio kila mara utajikuta humo, kuna watu wanaudhi tu jamani, ila itakushangaza.

Angalia pia vitu vizuri unavyofanya. Hii ni chungu. Kuna mtu anahudumia watu wote kwa sababu hawezi kuvumilia kutohitajika, kuna anayeomba kwa sauti kuu kwenye maombi ya pamoja na akiwa peke yake haombi hata dakika mbili. Tesiti yake ni rahisi, fanya jema moja ambalo hamna binadamu atakaejua, usiposti, usimsimulie hata mwenzi wako, uone moyo unalalamika kiasi gani.

Na angalia akili inakimbilia wapi ikiwa haina kazi, kwenye foleni, ukioga, kabla ya usingizi. Kama kila ukipata nafasi kichwa kinaanza kutunga maneno ya kumkomesha mtu fulani aliyekukosea zamani, basi shina la uchungu analolitaja Waebrania 12:15 halijafa, lipo, na mwandishi anasema likichipuka linawasumbua na wengine.

Mwisho pitia Amri Kumi kwenye Kutoka 20 polepole, moja moja, huku ukiwa na Mathayo 5 pembeni inayozipeleka mpaka moyoni. Paulo anasema kwenye Warumi 7:7 asingejua kutamani kama torati isingesema usitamani, na hiyo ndiyo ya kumi, amri pekee ambayo jirani hawezi kukuona ukiivunja.

Muulize mtu anayekujua

Hii ndio hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Mgongo wako huuoni, wengine wanauona kila siku. Mwaka 1738 John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliwapangia kanuni vikundi vyake vidogo huko Uingereza, na kila wakikutana walikuwa wanaulizana waziwazi ni dhambi gani umezijua umezitenda tangu tulipoonana mara ya mwisho. Kila wiki hiyo! Siku hizi tunaulizana tu "unaendeleaje mpendwa" na jibu ni namshukuru Mungu.

Chagua mtu mmoja, mkomavu, asiye na mdomo, wa jinsia yako, na asiwe mtu anayekuogopa. Usimuulize "hivi mi nina kasoro gani", atakwambia huna kitu wewe, ubarikiwe. Mpe swali ambalo hawezi kulikwepa: "ukiniangalia, ni kitu gani kinachojirudia kwangu ambacho unadhani mi mwenyewe sikioni? Nipe na mfano mmoja." Kama umeoa au umeolewa, mwenzi wako ana majibu tayari, wala hahitaji muda wa kufikiri. Akishaanza kuongea kazi yako ni moja, kunyamaza. Usieleze mazingira, usiseme "ila siku ile". Sema asante, nenda kaandike. Kama alichosema kimekuchoma mpaka usiku hujalala, kipe kipaumbele kwenye daftari, pengine amekosea, ila mara nyingi kisichotuhusu hakituchomi hivyo.

Hapa msichanganye

Kuna tofauti ya Roho Mtakatifu akikuonyesha dhambi na mshitaki, yaani Shetani, akikushitaki. Nathani alimwambia Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo" akamtajia na kosa lenyewe, mke wa nani, upanga wa nani. Roho anataja kitu mahususi na anakuvuta umwendee Mungu. Mshitaki anasema kwa jumla, we ni takataka, hujawahi kuokoka, kila unachofanya ni unafiki, na anakufukuza mbali na Mungu. Ukiona kujichunguza kunakufanya ukwepe maombi, acha siku hiyo, soma Warumi 8 yote, ulale.

Afu kuna watu wenye dhamiri nyepesi kupita kiasi, wanajichunguza asubuhi mchana jioni, wanatubu hata kupiga miayo kanisani. Hao namshauri kila mmoja achunguze mara moja kwa wiki basi, tena akiwa na mtu wa kumwongoza.

Na sio kila kidonda ni dhambi yako. Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyetelekezwa, asichimbe kutafuta alimkosea nini Mungu. Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, akajibu sio yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Huzuni isiyoisha, kukosa usingizi miezi, kutamani kufa, hayo mwambie na daktari pia, usiyabebe kama dhambi iliyojificha.

Sasa kuhusu mapepo na laana za ukoo, najua hapa tutatofautiana. Siwakatai wanaoomba ukombozi, Biblia ina mapepo. Ila nimeona hii imekuwa njia nzuri sana ya kutokujichunguza, mtu ana "pepo la hasira" lakini pepo hilo linamheshimu sana bosi, linaamkia nyumbani tu kwa mke na watoto. Kama unaweza kuizuia mbele ya mkubwa na unaiachia mbele ya mdogo, hiyo ni yako, itubie.

Ukishauona mzizi

Uite kwa jina lake baya, sio lile zuri ulilolipa. Usiseme "Bwana nisamehe kama nimekosea mahali", sema "nimekuwa na wivu na ndugu yangu tangu alipopata kazi na nilifurahi alipoipoteza". Linganisha Sauli na Daudi, wote wawili walisema nimefanya dhambi, maneno yaleyale. Sauli akaongeza "lakini". Daudi kwenye 2 Samweli 12:13 hakuongeza kitu, na Zaburi 51 inayobeba toba yake haiishii kwenye Bathsheba, inakwenda mpaka "uniumbie moyo safi". Aliomba kitu kipya huko ndani, na msamaha wenyewe upo, 1 Yohana 1:9 haina masharti ya kulia kiasi gani, tukiziungama yeye ni mwaminifu.

Halafu rudisha. Zakayo hakuambiwa na mtu, alisimama mwenyewe akasema niliyemnyang'anya namrudishia mara nne (Luka 19:8). Kama mzizi wako ulikuwa hela, yule dada uliyemdanganya huna mpigie leo umwambie ulikuwa nazo. Kama ulikuwa kinyongo, Mathayo 5:23-24 inakwambia iache sadaka yako mbele ya madhabahu uende ukapatane kwanza. Ila tumia akili, usiende kuungama kwa mtu wivu ambao hakujua hata kama upo, ukamwachia mzigo mpya, hiyo mwambie Mungu na yule mtu wako mmoja. Na kama mambo yana hatari ndani yake, mtu aliyekuumiza au kesi ya polisi, ongea kwanza na mchungaji au mtu anayeelewa.

Kisha chagua tendo moja linalokwenda kinyume na mzizi na ulifanye wakati mzizi unalia. Anayeogopa kupungukiwa atoe pale hofu inapomshika, hata kidogo. Anayetaka kuonekana afanye kwa siri. Anayemdai Mungu aandike kila usiku alichopewa bure siku hiyo, hasa ule usiku wa baada ya huduma. Kukata matawi bila kufanya hivi ndio ule mchezo wa kila wiki.

Na usishtuke ukiukuta tena baadaye umevaa nguo nyingine. Petro alimkana Yesu mbele ya kijakazi kwa kuogopa, akasamehewa, akajazwa Roho siku ya Pentekoste, akahubiri mbele ya baraza bila woga, afu miaka mingi baadaye kule Antiokia anaacha kula na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotahiriwa, Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Woga uleule, mahali pengine, na sasa yeye ni mtume wa miaka mingi. Ndio maana lile daftari usilichome baada ya wiki mbili. Kila baada ya miezi mitatu hivi lifungue, andika wiki moja nyingine, ulinganishe na ya mwanzo, na yule mtu wako mwambie akuulize kwa jina la hicho kitu chenyewe, sio "unaendeleaje". Akisahau kukuuliza, mkumbushe wewe.